Barua ya wazi kwa wakuu wa reli: nyekundu imezoeleka

Kwa Mkurugenzi Mkuu, wajumbe wa bodi, na ninyi wa wizarani mnaoshika kalamu ya bajeti ya reli,

Kwanza salamu. Mimi ni fundi wa ishara za reli, sasa mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kwenye njia moja ya mizigo, yenye treni usiku na mchana, ambayo ishara zake zilikuwepo kabla sijaajiriwa na bado zipo baada ya mimi kuondoka. Sina cheo cha kupoteza, wala hakuna zabuni ninayoinyemelea. Nasikia mpango wa kubadilisha ishara hizo umerudi mezani. Nimeshauona ukifika mezani na kuondolewa zaidi ya mara moja, na kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa ileile: za zamani bado zinafanya kazi.

Ni kweli, zinafanya kazi. Nataka tuzungumzie namna zinavyoharibika.

Ishara ya reli ilibuniwa na watu waliokubali mapema kwamba kila kifaa kitaharibika siku moja, wakaamua kiharibikie upande ambao hautaua mtu. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya kitu ambacho mafundi tunakiita sakiti ya reli, na hadi leo kinalinda njia nyingi za treni duniani. Chukueni kipande cha njia. Mwisho mmoja kuna betri inayopeleka umeme mdogo kwenye reli. Mwisho wa pili kuna rilei, yaani swichi inayoinuliwa kwa sumaku, inayoupokea umeme huo. Umeme ukifika, rilei inainuka na taa inaruhusiwa kuwa ya kijani. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake zinaziunganisha reli mbili, umeme unapita humo badala ya kufika mwisho, na rilei inaanguka kwa uzito wake yenyewe. Nyekundu. Waya ukikatika, nyekundu. Betri ikifa, nyekundu. Mara nyingi hata reli ikivunjika, nyekundu. Ni ubunifu wa zaidi ya miaka 150 na bado huwa nauvulia kofia.

Kwa hiyo ishara iliyozeeka ni nadra kudanganya kwa kijani. Hudanganya kwa nyekundu, na hapo ndipo inapowachanganya walioko ofisini. Kwenye taarifa ya mwezi, nyekundu ya uongo inaingia kwenye safu ya ucheleweshaji: treni fulani, dakika kadhaa, hitilafu ya ishara, imerekebishwa. Safu ya ajali iko tupu. Anayeisoma taarifa hiyo atasema mfumo ni salama, umechoka tu.

Njooni niwapeleke kwenye taa yenyewe.

Ni saa nane usiku. Treni ya mizigo imesimama mbele ya nyekundu. Dereva anamwita kwa redio mwongozaji wa treni, yule anayeziongoza treni akiwa ofisini. Mwongozaji anaangalia ubao wake: kipande cha mbele kinaonyesha kuna treni, naye anajua hakuna, au tuseme anaamini hakuna, kwa sababu kwenye daftari lake treni iliyotangulia imeripotiwa kufika kituo kinachofuata ikiwa kamili, na kipande kile huwa kinasumbua kila mvua ikinyesha. Anatoa ruhusa ya kupita nyekundu. Anataja namba, dereva anaiandika kwenye fomu, anairudia neno kwa neno, kisha anasogea polepole akikodolea giza macho. Hakuna kinachotokea. Usiku wa kesho, vilevile.

Usiku mmoja nilipanda kwenye kichwa cha treni kwenda kukagua ishara moja iliyokuwa ikinisumbua. Dereva alikuwa mtu mzima, wa kazi, asiye na mzaha. Tulipokata kona na taa ikaonekana mbali, nyekundu, akaanza kupunguza mwendo, na kabla treni haijasimama fomu ilikuwa tayari gotini na kalamu mkononi. Nikamuuliza mbona mapema hivyo. Akasema, "Hii ni ya kila siku, fundi." Ile ishara ilikuwa kwenye eneo langu. Niliirekebisha usiku ule, kama nilivyoirekebisha kabla ya hapo, lakini lile neno sikuweza kulirekebisha. Nilichokiona gotini pake ni mtu aliyekwisha fundishwa, na sisi wenyewe, kwamba nyekundu ni mwanzo wa mazungumzo ya redioni.

Hilo ndilo ninalotaka mlibebe kutoka kwenye barua hii. Ishara ikiharibika kwa nyekundu inakuwa imetimiza wajibu wake. Lakini treni haziwezi kulala pale, mizigo inasubiriwa, kwa hiyo ulinzi wa mashine unawekwa kando na nafasi yake inachukuliwa na sauti mbili redioni, daftari, na kumbukumbu ya mtu aliyekesha. Ikitokea mara moja kwa mwaka, kila mmoja anakuwa macho. Ikitokea kila wiki, njia nzima inaendeshwa kwa maneno huku taa zikiwaka kando kama mapambo.

Mtaniuliza kwa nini zisirekebishwe tu. Tulizirekebisha. Niacheni niseme kidogo kuhusu vitu hivi, maana nimevishika.

Kebo ya zamani ina ganda la mpira lililokauka. Ukifungua kisanduku cha kando ya njia kutafuta waya mmoja, unainamisha fungu zima, na ganda linapasuka kwenye nyaya ambazo hazikuwa na shida. Unaondoka umetibu ugonjwa mmoja na kupanda mitatu. Rilei zenyewe ni imara ajabu, ila ncha zake za kugusana zinaungua kidogo kidogo, na kiwanda kilichozitengeneza kiliacha kuzitengeneza zamani, hivyo tulikuwa tunazing'oa kwenye vituo vilivyofungwa na kuzipandikiza kwenye vituo vilivyo hai. Kuna viungio vya kutenganisha umeme kati ya kipande na kipande. Chini ya mabehewa mazito vinapondeka, na vumbi la chuma linajaza pengo. Halafu kuna kokoto. Kwenye njia ya mizigo kokoto hazibaki kokoto: madini, mbolea, makaa na chumvi vinamwagika kutoka kwenye mabehewa mwaka hadi mwaka, tuta linakuwa tope, na mvua ikinyesha umeme unavuja kutoka reli moja kwenda nyingine kabla haujafika kwenye rilei. Ndiyo maana mwongozaji anajua kipande kinachosumbua mvua ikinyesha. Fundi anaweza kuongeza nguvu ya umeme kidogo ili rilei iinuke, lakini akizidisha, tuta likikauka rilei itashindwa kuanguka hata treni ikiwa juu yake. Hapo upande wa usalama umeshahamishwa na bisibisi.

Kuna na kutu. Njia ya kupishania ambayo haijapitiwa na treni siku nyingi inaota utando juu ya reli, na gurudumu likipanda haligusani vizuri na chuma. Treni ipo, sakiti inasema haipo. Kwa hiyo nilivyosema kwamba ishara ya zamani ni nadra kudanganya kwa kijani, nilichagua neno nadra kwa makusudi.

Na zile ishara za mikono, zinazovutwa kwa waya mrefu kutoka kwenye kibanda? Jua la mchana linaurefusha waya, mkono unashuka nusu. Dereva anaona kitu ambacho si ndiyo wala si hapana. Yule wa kibandani anakaza kirekebishio cha waya, usiku unaingia, waya unajikunja, na asubuhi mkono unagoma kurudi mahali pake sawasawa. Sina zaidi la kusema juu ya hizo. Muda wake umepita.

Kwenye njia ya mizigo yote haya yana uzito wa ziada, nasema uzito halisi. Treni yenye maelfu ya tani inahitaji umbali wa kilomita nzima au zaidi kusimama. Ikisimamishwa mlimani kwa nyekundu ya uongo, kuondoka tena ni kazi: vichwa vinanguruma, magurudumu yanateleza, mchanga unamwagwa, na dereva akivuta kwa pupa kiunganishi kinakatika katikati ya mabehewa. Sasa nusu ya nyuma ya treni inaweza kubaki gizani njiani. Kitu cha kumwambia mwongozaji kwamba kuna mabehewa yamebaki ni ileile sakiti ambayo ameshazoea kutoiamini.

Nadhani kuna anayesoma hapa na kusema fundi anatia chumvi. Basi tutoke kwenye eneo langu, twende Ugiriki.

Usiku wa tarehe 28 Februari 2023, treni ya abiria ilitoka kituo cha Larissa kwenda kaskazini. Mkuu wa kituo alimpa dereva ruhusa kwa redio apite taa nyekundu ya kutokea. Pointi, yaani zile reli zinazosogezwa kuielekeza treni njia moja au nyingine, zilikuwa zimeachwa zikielekea njia isiyo yake, na treni ikaingia kwenye reli iliyokuwa inakuja treni ya mizigo. Zilikwenda kwa takriban dakika 12 kwenye reli moja, zikielekeana, na hakuna mashine iliyopiga kelele, kwa sababu mfumo wa kuziangalia kutoka mbali haukuwa unafanya kazi kwenye sehemu ile. Zikagongana Tempi. Watu 57 walikufa, wengi wao vijana. Mkataba wa kukarabati ishara za mhimili huo wa reli ulikuwa umesainiwa mwaka 2014, kazi ikitakiwa kuisha ndani ya miaka 2. Mwaka 2023 ilikuwa haijaisha.

Mkuu wa kituo alikamatwa mapema sana. Simtetei. Ila mimi nimefanya kazi na wakuu wa vituo, na najua ilivyo kumweka mtu mmoja usiku kwenye kiti kilichotakiwa kukaliwa na mashine, halafu akikosea mara moja ikaonekana yeye peke yake ndiye aliyekosea. Miaka 9 ya mkataba haikuwa imekaa kwenye kiti kile. Dereva naye alipita nyekundu kwa sababu aliambiwa apite. Naamini haikuwa mara yake ya kwanza kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo ndiyo, badilisheni ishara. Nimeshakubaliana na mpango wenu, na ningeweza kuishia hapa nikawapigia makofi. Lakini sehemu inayonikosesha usingizi inakuja sasa, na nyaraka za miradi nilizowahi kuziona huwa zinaipa ukurasa mmoja. Ni ile miezi ambayo za zamani na mpya zinakaa chumba kimoja.

Tarehe 12 Desemba 1988, asubuhi, karibu na Clapham Junction, London, treni ya abiria iliigonga kwa nyuma treni nyingine iliyokuwa imesimama, na treni ya tatu, iliyokuwa tupu, ikayagonga mabaki. Watu 35 walikufa. Iliyodanganya ilikuwa ishara mpya. Za zamani kwenye eneo lile zilikuwa za miaka ya 1930, na mradi mkubwa wa kuzibadilisha ulikuwa unaendelea. Wiki mbili kabla, Jumapili, fundi mmoja alikuwa kwenye chumba cha rilei akifunga nyaya mpya. Waya mmoja wa zamani alitakiwa aukate, aufunge ncha, na auondoe upande wa pili. Aliuchomoa upande mmoja tu, akausogeza pembeni, ncha ikiwa wazi, upande wa pili ukiwa bado umeunganishwa. Hakuna kilichotokea. Jumapili ya tarehe 11 kukafanyika kazi nyingine jirani na pale, waya ukasukumwa, ukarudi ulikozoea kukaa, ukagusa. Kesho yake asubuhi umeme ulikuwa unaingia kwenye rilei hata treni ikiwa juu ya sakiti. Dereva wa treni ya mbele aliona ishara ikigeuka nyekundu ghafla mbele yake, akafanya kama kanuni inavyomtaka: akasimama kwenye ishara iliyofuata apige simu kutoa taarifa. Nyuma yake taa haikuwa nyekundu.

Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden ulikuta mambo ambayo kila fundi wa ishara akiyasoma anashika kichwa. Fundi yule, katika wiki 13, alikuwa amepumzika siku moja. Msimamizi wake siku ile alikuwa nje na kikosi, ameshika kazi mwenyewe kwa mikono yake, hakuingia kukagua. Mtu wa kupima hakuzihesabu nyaya, na kuzihesabu tu, moja moja, dhidi ya mchoro, kungeuonyesha ule mmoja uliozidi. Mazoea mabaya ya fundi hayakuwahi kusahihishwa na yeyote kwa miaka mingi.

Nimeyaandika haya kwa urefu kwa sababu nawajua wakandarasi na ratiba. Njia ya mizigo yenye shughuli haifungwi kirahisi. Mtu wa biashara atasema kila saa ya kufunga njia ni hasara, atawapa saa nne usiku wa Jumamosi, mbili kati ya hizo zitaliwa na treni iliyochelewa kupita, na fundi atabaki na saa mbili kufanya kazi ya nne. Kazi ataimaliza. Akishaimaliza hatabaki na muda wa kuhesabu nyaya. Mkinipa nichague kati ya mwaka mmoja wa kuchelewa kwa mradi na mwaka mmoja wa kupima kwa haraka, nitachagua kuchelewa, na mimi ndiye niliyeanza barua hii kwa kulalamika kwamba mnachelewa. Najua inavyosikika.

India nako. Tarehe 2 Juni 2023, kituo cha Bahanaga Bazar, wilaya ya Balasore: treni ya abiria ya kasi ilipewa kijani ya kupita njia kuu, huku pointi zikiwa zimeipeleka njia ya pembeni ambako treni ya mizigo yenye chuma ghafi ilikuwa imesimama. Zaidi ya watu 290 walikufa. Uchunguzi wa usalama wa reli ulikuta nyaya zilizounganishwa vibaya wakati wa marekebisho ya sakiti, nyingine za miaka ya nyuma na nyingine za siku ileile, kazi ikihusu geti la makutano ya reli na barabara. Lebo kwenye kisanduku hazikulingana na ukweli, na hazikuwa zimelingana kwa miaka. Fundi aliyefika siku ile alifuata lebo.

Na upya peke yake si kinga. Wenzhou, China, tarehe 23 Julai 2011, radi ilipiga kifaa cha kisasa cha kuongoza ishara; usanifu wake ulikuwa na kasoro, kikaendelea kuonyesha kijani wakati treni imesimama mbele. Watu 40. Rilei kuukuu ya Robinson ingeanguka. Nawaambia hivi ili siku muuzaji atakapowaonyesha skrini inayometameta, mmuulize swali la kizee: fyuzi ikikatika, hiki kinaonyesha nini? Asipojibu kwa sentensi moja, mrudisheni akajiandae.

Sasa niseme ninachokiomba, na sitakipanga kwa namba kama hotuba ya bajeti.

Msinunue taa peke yake. Taa za LED zinavutia, zinaonekana mbali, hazihitaji mtu apande ngazi kubadilisha balbu, na zinapendeza kwenye picha za uzinduzi. Lakini taa ndicho kitu kilichokuwa kinanisumbua kidogo kuliko vyote. Mkiweka taa mpya juu ya kebo za zamani, umeme usio na uhakika na tuta lililojaa tope, mtakuwa na nyekundu ya uongo inayong'aa zaidi. Anzeni na kebo, betri, ulinzi wa radi, na mifereji ya maji ya tuta. Najua mfereji haukatiwi utepe.

Mtashauriwa mhame kwenye sakiti za reli mwende kwenye mashine za kuhesabu ekseli: zinahesabu zilizoingia na zilizotoka, zikilingana kipande kiko tupu. Kwa tuta chafu kama letu ni ushauri mzuri, naunga mkono. Ila kuna mambo mawili hamtaelezwa kwa sauti. Mashine hizo hazijui reli iliyovunjika. Kile kionyo tulichokuwa tunakipata bure kutoka kwenye sakiti kinapotea, na kwenye njia ya mabehewa mazito reli huvunjika, kwa hiyo bajeti ya kupima reli kwa mawimbi ya sauti lazima ipande siku hiyohiyo. La pili ni kitufe. Hesabu ikichanganyika, mashine inabaki imesema kuna treni mpaka mtu airudishe sifuri. Nani anabonyeza? Baada ya kuthibitisha nini, kwa macho ya nani? Mkiliacha swali hilo kwa mwongozaji aliyechoka saa nane usiku, mtakuwa mmebadilisha fomu ya gotini kwa kitufe cha mezani.

Wapimaji wasiwe chini ya mtu anayelipwa kwa kumaliza mapema. Mwenye saini ya mwisho awe na uwezo wa kusema njia haifunguliwi leo, na akisema, asipigiwe simu na mtu yeyote kati yenu. Saa za mafundi zihesabiwe kama mnavyohesabu za madereva. Madereva wenyewe wapelekwe kwenye njia kabla, waone kila nguzo mpya ilipo, kwa sababu dereva wa treni nzito haisomi ishara akiwa ameifikia. Anaijua mahali pake kabla haijaonekana. Ishara mpya ambayo haijaanza kazi ifunikwe na iwekewe alama ya msalaba, na ya zamani ing'olewe siku ileile inapokoma. Nguzo mbili zenye taa mbili mbele ya dereva mmoja ni mtego.

Kuna jambo ambalo ishara nzuri kuliko zote haiwezi: kusimamisha treni. Tarehe 8 Februari 1986, karibu na Hinton, Canada, treni ya mizigo ilipita nyekundu na kugongana uso kwa uso na treni ya abiria, watu 23 wakafa. Ishara zilikuwa sahihi. Walioziendea walikuwa watu waliochoka kupita kiasi. Chatsworth, California, tarehe 12 Septemba 2008, dereva wa treni ya abiria alikuwa kwenye simu yake, akapita nyekundu, akakutana na treni ya mizigo. Watu 25. Mwaka uleule Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha mfumo unaoifungia treni breki wenyewe dereva akikiuka ishara, mwisho ukiwa 2015. Ulikamilika mwisho wa mwaka 2020. Sisemi muweke wote kesho. Nasema kebo mnazolaza sasa na vyumba mnavyojenga sasa viache nafasi yake, msije mkachimba mtaro uleule mara mbili.

Na wakati mnasubiri fedha, kuna kitu kimoja kisichogharimu kitu: kila mwezi hesabuni ni mara ngapi dereva ameruhusiwa kupita nyekundu kwa mdomo, kwa kila ishara, mkaibandike hesabu hiyo mahali madereva, mafundi na bodi wanaiona wote. Msiiweke kwenye safu ya ucheleweshaji. Ipewe safu yake. Fomu zile zipo, zinajazwa kila usiku, zinafungwa kwa kamba na kuwekwa stoo. Sijawahi kumwona mtu akizihesabu.

La mwisho ni langu binafsi, na kwa heshima ya wale wa Clapham siwezi kulinyamazia. Kwenye chumba cha rilei cha kituo nilichofanyia kazi muda mrefu zaidi kuna nyaya ambazo hazimo kwenye mchoro. Nyingine nilizikuta. Nyingine ni za kwangu: usiku wa dharura, treni tatu zinasubiri, unachomoa waya uliokufa, unaukunja pembeni, unaufunga utepe, unajiambia utarudi Jumatatu kuuondoa na kusahihisha mchoro. Jumatatu nyingine sikurudi. Nilipokaribia kustaafu nilikaa na tochi jioni kadhaa nikaziandika zote nilizoweza kuzifuata, rafu kwa rafu, mwanzo na mwisho wa kila mmoja, kwenye daftari la jalada la bluu. Nililikabidhi pamoja na funguo, na nikabaki na nakala.

Mkandarasi atapewa michoro rasmi. Michoro hiyo si sahihi. Kabla hajafungua kabati la kwanza, mtumeni mtu aje achukue nakala yangu, au nipeni kitambulisho cha siku moja niingie mle ndani na wapimaji wenu tuzihesabu pamoja. Sihitaji malipo. Tochi ninayo.

Wenu,
Fundi wa ishara, mstaafu